Mume Aliyemuuliza Maswali

Hajra alipofeli mtihani wa cheti cha rasilimali watu kwa mara ya kwanza, watu walimpa pole. Alipofeli mara ya pili hawakusema kitu, na ule ukimya ndio uliomuuma zaidi. Alikuwa msaidizi katika ofisi ya utumishi ya kampuni moja iliyochimba kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea betri, nje kidogo ya mji wa Ruangwa. Miaka ilikuwa inapita yeye yuko kiti kile kile, meza ile ile, huku bosi wake, Doreen, akimkumbusha kila baada ya muda kwamba makao makuu hawataki tena watu wasio na cheti.

"Si mimi ninayetaka," Doreen alimwambia safari hii, akiwa amefunga mlango. "Lakini mkataba wako ukiisha na cheti hakipo, sitakuwa na la kukutetea. Kaa ukijua."

Uvivu hakuwa nao. Hajra alisoma asubuhi kabla ya kuwasha jiko, na mchana wenzake wakienda kula yeye alibaki na kitabu. Alikuwa na kalamu ya rangi ya manjano, akapaka kila mstari alioona una maana, mpaka kurasa zikawa kama zimemwagikiwa mchuzi wa bizari. Mwanawe wa pekee, Mwanaima, alikuwa amempeleka Lionja kwa bibi yake mzaa baba ili nyumba itulie. Alimpeleka kwa miezi michache tu, hivyo alivyojiambia. Mtoto alilia siku ya kuachwa, na Hajra alilia akiwa njiani kurudi, lakini alifika akafungua kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza. Hajra alikulia Matambarale, katika nyumba ya baba yake, Mzee Bashiri, mkulima wa ufuta na korosho. Nyumbani walisema Kimwera, Kiswahili akakipata shuleni na gulioni, Kiingereza kikaja mwisho kama mgeni asiyezoeleka. Alikisoma akidhani amekielewa. Siku ya mtihani maneno yote yalimtazama kama watu aliowahi kuwaona mahali asipopakumbuka.

Jumamosi moja alikwenda Nachingwea kumwona Dionisia, mwanamke aliyesoma naye chuo, ambaye sasa alikuwa afisa utumishi katika kiwanda cha kubangua korosho. Dionisia alikuwa amefaulu mtihani huo mwaka uliopita. Alimkaribisha uani, akamwekea chai na mihogo ya kuchemsha, kisha akakichukua kile kitabu chenye manjano na kukifungua katikati.

"Sura hii umeisoma?"

"Juzi, dada. Na wiki iliyopita pia."

Dionisia akakifunga. "Haya, nieleze. Mfanyakazi akituhumiwa wizi, unaanza na nini?"

Hajra alifungua mdomo. Aliuona ukurasa, aliiona hata rangi yake, lakini maneno hayakuja. Akababaika, akataja kamati, akataja barua.

"Wewe husomi, mdogo wangu," Dionisia alisema bila ukali. "Unakitazama kitabu. Mtu hawezi kushiba kwa kutazama sufuria. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Sasa sikiliza. Ukisoma kurasa mbili, funga. Jiulize mwenyewe umesoma nini, useme kwa sauti. Ukikwama, hapo ulipokwama ndipo pa kusoma, si kwingine. Halafu usirudie siku hiyo hiyo. Acha siku zipite, usahau kidogo, kisha jiulize tena. Na anza kwa Kiswahili, uelewe jambo lenyewe, Kiingereza utakivisha baadaye."

"Nikijiuliza mwenyewe nitajidanganya."

"Basi tafuta mtu akuulize. Bora awe mtu asiyejua chochote kuhusu kazi hii. Ukiweza kumfanya yeye aelewe, mtihani hautakushinda."

Mtu wa namna hiyo Hajra alikuwa naye ndani. Mumewe, Jamali, aliendesha mtambo wa kusaga mawe katika kampuni ile ile. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyerudi kila jioni na vumbi jeusi la kinywe kwenye kope kana kwamba amejipaka wanja. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alipoambiwa maneno ya Dionisia aliyachukua kama vile amepewa kazi ya serikali. Alikata maboksi ya biskuti yakawa kadi. Hajra akaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na tangu hapo, kila baada ya swala ya Magharibi, wawili hao walikaa uani, jiko la mkaa katikati, mume akiuliza na mke akijibu.

"Subiri," Jamali alikuwa akisema. "Mimi mtu wa mawe. Hilo neno 'tathmini ya utendaji' ni mnyama gani?"

Hajra angeeleza. Angemwambia ni kama mzee wa shamba anavyopita baada ya palizi kuona nani kalima vizuri na nani kaficha majani chini ya udongo. Jamali angecheka, kisha angeuliza swali jingine ambalo kitabu hakikuwa nalo, na katika kulijibu Hajra angegundua kwamba sasa anajua. Kadi ambazo Hajra alizikosa, Jamali aliziweka pembeni, akazirudisha baada ya siku kadhaa bila kumwonya. Alizopata mara nyingi alizitia kwenye kopo la maziwa, na kopo likaanza kujaa. Mkewe akianza kuchoka alimpa maswali mepesi ili apate moyo. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Ilikuwa ndiyo miezi mizuri ya ndoa yao, ingawa wakati ule hakuna aliyeihesabu hivyo.

Mwezi wa tisa Doreen alimwita ofisini, akafunga mlango tena.

"Kitengo cha kusaga mawe kinafungwa," alisema. "Mashine mpya inakuja, itaendeshwa na watu wa mkandarasi. Watu wetu wote wa pale wanaondoka. Tutatangaza mwezi wa kumi na moja, tukishamaliza mzigo ulioagizwa. Habari ikitoka kabla ya hapo watu watalegea kazini, na mzigo hautaisha."

"Sheria inataka tuzungumze nao kabla ya kuamua," Hajra alisema. Ilikuwa ni kadi aliyoijibu juzi.

"Najua sheria inataka nini. Uamuzi umetoka juu. Mazungumzo yatafanyika siku ya kutangaza."

"Bosi, mume wangu yuko kitengo hicho."

"Najua," Doreen alisema, na sauti yake ikapungua. "Ndiyo sababu nakwambia mapema, ukae ukijua kwamba likivuja nitajua limepitia wapi. Na hapo si cheti tu kitakachopotea. Hakuna ofisi ya utumishi itakayokuchukua tena."

"Basi niondoe kwenye jambo hili."

"Tuko wawili ofisini, Hajra. Nikikuondoa wewe, anabaki nani wa kuandaa mafao yao?"

Jioni ile Hajra aliporudi, Jamali alikuwa ameshawasha jiko. Hajra alisema kichwa kinamuuma, akaingia kulala. Alisikia mumewe akizipanga kadi taratibu, akizifunga kwa mpira, akitembea kwa ncha za miguu ili asimwamshe.

Siku zilizofuata alisoma kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Alijiambia kwamba akifaulu mshahara wake utapanda, watu wawili watakula kwa mshahara mmoja, na Jamali atapata muda wa kutafuta kazi nyingine kwa utulivu. Akajiambia pia kwamba mafao yatakuwepo. Kila alipomaliza kujiambia, alijikuta ameanza upya, na hesabu ile ile haikukaa sawa hata siku moja.

Mwanzo wa mwezi wa kumi, Mudrik, binamu yake Jamali, alipiga simu kutoka Nachingwea. Msimu wa korosho ulikuwa umefunguka, na ghala alilolisimamia lilihitaji mtu wa kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia magunia. Haikuwa kazi ya msimu peke yake, maana mwenye ghala alitaka mtu wa kudumu, na Mudrik alikuwa ameshamtaja Jamali.

Jamali alimweleza mkewe yote hayo huku akimenya muhogo. "Mshahara ni karibu sawa na wa hapa," alisema. "Mtoto yuko Lionja, ningekuwa namwona kila Ijumaa. Unaonaje?"

Hajra alitazama kisu kikipita chini ya ganda. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno dogo, kumwambia mtu aende.

"Ni kazi nzuri," alisema.

"Ni nzuri, lakini nikiondoka nani atakuuliza maswali? Mtihani umebaki mwezi mmoja na ushei. Mara mbili ulisoma peke yako, ukaona yaliyotokea." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Nitamwambia Mudrik ampe mtu mwingine. Mitambo ipo, haikimbii. Ukishafaulu ndipo nitaangalia ya kwangu."

"Baba Mwanaima, usiamue kwa ajili yangu."

"Niamue kwa ajili ya nani basi?"

Aliuliza kwa kutabasamu, akaendelea kumenya. Hajra alisimama, akaenda nyuma ya nyumba, akajifanya anaanua nguo. Alizishika nguo kavu mikononi kwa muda mrefu. Angeweza kurudi na kusema. Aliiona sura ya Doreen, akauona mkataba wake, akamwona baba yake Matambarale aliyeuza ufuta wa misimu mingi kumsomesha. Alimwona pia Jamali akiongea kazini bila kukusudia, maana hakuwa mtu wa kuficha, akiambiwa jambo lilionekana usoni mwake. Aliporudi uani na nguo zake, mumewe alikuwa anazungumza na Mudrik kwenye simu, akimshukuru na kumwambia hapana.

Jioni moja, mtihani ukiwa umekaribia, Jamali alichomoa kadi kutoka rundo la maadili ya kazi. Aliisoma polepole kwa Kiingereza, akakwama, akaanza tena, kisha akaigeuza Kiswahili mwenyewe, akijivunia.

"Afisa utumishi anajua kwamba watu watapunguzwa, na jambo bado ni siri. Mmoja wao ni ndugu yake. Afanye nini?"

Mkaa ulilia kidogo jikoni. Hajra alikunja mikono ndani ya khanga.

"Asimwambie," alisema.

"Hata kama ni ndugu wa damu?"

"Hata kama ni nani. Amweleze mkuu wake kwamba kuna mgongano wa maslahi. Yaani, kazi yake inavutana na mambo ya nyumbani kwake. Halafu ajitoe kwenye jambo hilo, lishughulikiwe na mwingine."

Jamali aligeuza kadi, akasoma nyuma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Sawasawa, neno kwa neno." Akaitia kadi kwenye kopo. "Lakini ni kazi ngumu hiyo. Mtu analala na jambo kama hilo kifuani, anaamka nalo, anakula na mwenzake sahani moja. Mimi nisingeweza. Ninyi mna mioyo mingine."

"Endelea na kadi inayofuata," Hajra alisema.

Alikwenda Mtwara kufanya mtihani. Mara mbili za mwanzo aliingia chumbani akitetemeka, na safari hii alitamani hata huko kutetemeka, kwani kungemwonyesha kwamba bado anaogopa kitu. Alisoma maswali, na kila swali lilikuja kwa sauti ya Jamali, pamoja na Kiingereza chake cha kuungaunga na pale alipokwama. Alijibu. Alimaliza mapema, akarudia kupitia, akatoka nje kwenye jua akijua kwamba amefaulu. Hakumpigia mtu simu.

Ndani ya basi la kurudi aliamua. Siri aliyotakiwa kuilinda ilikuwa imebakiza siku chache tu itangazwe, na mtihani ulikuwa umepita, basi angefika, angenawa, angemkalisha mumewe na kumwambia yote kabla hajayasikia kwa mwingine. Alipanga hata maneno ya kuanzia. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa alipata usingizi, kichwa kikigonga kioo.

Alimkuta Jamali amekaa uani, amevaa nguo safi, saa ambayo kwa kawaida alikuwa bado kazini. Jiko halikuwa limewashwa. Alisimama kumpokea mkoba.

"Mtihani ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri."

"Swali la kupunguza watu lilikuja?"

Hajra akajua. "Lilikuja," alisema.

"Ukalijibu?"

"Nililijibu."

"Alhamdulillahi," Jamali alisema. Hajra alitafuta kejeli katika sauti yake asiipate, na hilo ndilo lililomtisha.

Walikuwa wametangaziwa jana yake, akamweleza, wakati yeye yuko Mtwara. Waliitwa wote chini ya banda la mtambo. Swalehe, mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, alisimama akauliza jambo hili limeamuliwa lini, na kwa nini hawakuitwa kabla. Doreen alijibu kwamba liliamuliwa mwezi wa tisa, na ofisi ya utumishi yote ilijulishwa. Alivyosema hivyo, watu waligeuka wakamtazama Jamali. Wengine walidhani alijua na akawaficha wenzake.

"Niliapa kwamba sijui," alisema. "Swalehe akaniambia, ndugu yangu, unalala na utumishi, usituapie."

"Nisingeweza kusema, Baba Mwanaima. Wewe mwenyewe uliniuliza. Uliisoma ile kadi."

"Niliisoma."

"Leo nilikuwa nimekuja kukwambia. Wallahi, ndani ya basi nilikuwa naamua."

"Nakuamini." Alikaa chini, akaviangalia viganja vyake. "Sikutaka uniambie siri za kampuni. Ungeniambia neno moja tu kuhusu Nachingwea. Nenda. Bila sababu yoyote. Ningeenda."

"Nilikwambia ni kazi nzuri."

"Ulisema ni nzuri, nami nikakwambia nabaki kwa ajili yako, ukaniacha nibaki."

Hajra alikuwa na majibu mengi kichwani siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake, yote yakiwa yamepangwa vizuri, na hakuna hata moja lililofaa. Akalia. Jamali hakumgusa, wala hakumfokea. Baadaye aliwasha jiko, akapika ugali, akamwekea wake kando na kuufunika.

Alikaa nyumbani mpaka alipopewa mafao, kisha akasema anakwenda Lionja kumsaidia mama yake kuokota korosho. Kazi ya ghalani ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Mudrik alisikitika, lakini foklifti ni moja. Jamali aliondoka na begi dogo. Hajra akajipa moyo kwamba mtu anayekwenda kwa muda mrefu huchukua begi kubwa.

Matokeo yalikuja mwezi wa kwanza. Alikuwa amefaulu, tena kwa alama za juu. Doreen alimkumbatia, akaagiza soda kwa ofisi nzima, na kwenye mlango kikabandikwa kibao chenye jina la Hajra na cheo kipya. Mtaani mambo yalikuwa mengine. Wake za waliopunguzwa walimsalimu kwa sauti ya juu wakiwa mbali, kama watu wanavyomsalimia mtu wa serikali, na walipokutana naye kisimani au dukani mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yalikatika.

Jamali hakuwa amerudi. Simu alipokea, akaulizia afya, akamwambia mtoto hajambo, akakata. Basi Ijumaa moja Hajra aliomba ruhusa, akapita Nachingwea, akachukua bodaboda hadi Lionja.

Mama mkwe wake, Bi Sikudhani, alimpokea kwa heshima zote. Alimtandikia mkeka mpya, akamchinjia kuku, akamwita "mgeni wetu". Kiswahili chake kilikuwa kichache, lakini safari hii aliacha Kimwera walichozoea kusemeshana, akakitumia chote kumkirimu. Hajra aliyekuwa amezoea kutumwa maji na kukaripiwa katika ua ule, alikula yule kuku kwa shida.

Jamali alikuwa shambani akipalilia mahindi. Alimfuata huko. Alikuwa amekonda, na kope zake hazikuwa na weusi tena.

"Nimefaulu," Hajra alisema.

"Dionisia aliniambia. Nilifurahi." Na kweli alionekana amefurahi, kidogo. "Ulisoma vizuri safari hii."

"Rudi nyumbani. Mshahara umepanda. Utatafuta kazi ukiwa pale."

Jamali aliegemea mpini wa jembe. "Sijakuacha, Mama Mwanaima. Wala sikuchukii. Uliyofanya ndivyo kazi yako inavyotaka, na mimi ndiye niliyekusaidia kujifunza. Lakini nikikaa na wewe sasa, ukiniambia chakula kimeiva nitafunua sufuria kwanza. Ukinyamaza nitajiuliza unanyamaza nini. Nimejaribu kujiondoa huko, nimeshindwa. Labda itaisha."

"Lini?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

Alirudi kwenye mstari wake, jembe likaendelea. Hajra alisimama pembeni ya shamba, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akainama akaanza kung'oa majani. Walipalilia hivyo, mbali kidogo, mpaka jua likaanza kuinama.

Alasiri alimwomba Bi Sikudhani amruhusu arudi Ruangwa na Mwanaima. Yule mama alimtazama mwanawe. Jamali alisema mtoto ameshaandikishwa darasa la awali pale kijijini, ameshapata wenzake, afadhali amalize mwaka. Hajra alitaka kubishana. Kisha akafikiri nani atabaki na mtoto yeye akiwa ofisini, na nyumba ile yenye vyumba viwili, na majirani wanaonyamaza. Akasema sawa.

Walimsindikiza hadi barabarani, bibi na mjukuu. Mwanaima alikuwa amerefuka, na Kimwera kilikuwa kimemjaa ulimi wote, akamsemesha bibi yake njia nzima. Bodaboda ilipofika alimpa mama yake mkono, kama alivyofundishwa kuwaaga wageni.

"Utakuja tena lini?" aliuliza.

Hajra alipanda, akashika mkoba wake kifuani, akasema atakuja. Hakutaja siku, kwa kuwa hakuwa nayo. Dereva aliwasha, vumbi likanyanyuka, na alipogeuka nyuma walikuwa wameshaanza kurudi nyumbani.